Jibu: Tukae mezani na Al-Shabaab?

Ndugu yangu, umeuliza kama viongozi wakizungumza na Al-Shabaab watakuwa wamewapa ushindi wa bure. Mimi ni wa Amu (Lamu), pwani ya Kenya. Tangu shambulio la Mpeketoni, mji wa huku kwetu, Juni 2014, walipouawa watu kama 60, swali hili kwetu si la redioni. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, eti kwa usalama, na samaki wa usiku ndio waliokuwa wakilipa karo.

Hata hivyo nasema wazungumze. Ila tazama nani anakalishwa mezani. Kule Msumbiji FRELIMO, chama kilichotawala, na waasi wa RENAMO walichinjana zaidi ya miaka 15, wakaanza kuzungumza Roma hata kabla bunduki hazijanyamaza, na Oktoba 1992 wakatia saini. Wote wawili walikuwa hoi, na wote walikuwepo. Sasa linganisha na Doha, Qatar, Februari 2020: Marekani ikapatana na Taliban, waasi wa Afghanistan, huku serikali ya Kabul imeachwa nje. Agosti 2021 Kabul ikaanguka mikononi mwa Taliban. Huko ni kuuza nyumba mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo serikali ya Nairobi isijipeleke peke yake bila ile ya Mogadishu, yaani Somalia. Wasomali wenyewe wameshaonja kuwafungulia mlango: Mukhtar Robow, aliyekuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab, alifanywa waziri wa mambo ya dini 2022. (Ukinuna nakuelewa, hata mimi nilinuna.) Lakini mpiganaji akijua nyuma yake hakuna mlango, atapigana mpaka mwisho.

Sharti langu ni moja: wajane wa Mpeketoni waulizwe kabla ya msamaha wowote.