Kabini ndogo ya kruzi na familia nzima: panga watu kabla hujapanga mabegi

Jamani likizo zikikaribia tu huku Texas, Waswahili tunaanza kuulizana habari za kruzi, zile safari za starehe za meli, za kutoka bandari ya hapa ya Galveston, bei si mbaya, chakula kimo ndani ya nauli, watoto wataogelea, na bibi amekuja kutembea kutoka nyumbani basi na yeye apande akakione kisiwa cha Cozumel huko Mexico. Picha za matangazo sasa, chumba kimepigwa mpaka unadhani ukumbi. Ukweli ni kwamba chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, kwenye hizi meli kubwa kina kama mita za mraba 14 mpaka 17, na hapo choo kimo humo humo, kabati limo humo humo, kwa hiyo chukua kontena la futi 20 weka watu wanne na mabegi yao, ndiyo kabini hiyo. Kinakalika, tena kwa raha. Mimi nimekaa na mama mkwe, wifi yangu na watoto na tukashuka tunapendana vile vile. Lakini ushauri mwingi wa mtandaoni ni wa vitu, ndoano za sumaku, mifuko ya viatu ya kuning'iniza mlangoni, na kwa familia kama zetu vitu ni jambo la pili. La kwanza ni nani analala na nani, na nani anamwonea haya nani.

Tuanze hapo kwenye haya maana ndipo penye kazi. Ukikata chumba kimoja cha watu wanne ukaweka mume, mke, mama wa mume na mtoto, kwenye karatasi mko sawa na umeokoa hela. Usiku wa kwanza sasa, mama mzima anataka kuvua baibui na mwanawe yuko pale kwenye kochi, mkwe anataka kutoka kuoga na mlango wa bafu unafungukia miguuni kwa kitanda, hakuna kona ya kujificha hata moja. Mama mkwe wangu aliposikia mpango wa aina hiyo tukiwa bado nyumbani akaniambia kwa upole tu, "Mwanangu, mimi nitakaa popote mtakaponiweka, lakini huyo mumeo atavalia wapi?" Hilo swali naomba kila mtu ajiulize kabla hajatoa kadi ya benki. Kama jibu ni "atatoka nje asubiri koridoni" basi huna chumba, kata viwili.

Na viwili si ghali kama watu wanavyofikiri. Bei za kruzi zinapangwa kwa watu wawili kila chumba, hawa wawili wa kwanza ndio wanalipa nauli kamili, wa tatu na wa nne mara nyingi wanalipa pungufu, ndiyo maana kubanana kunaonekana rahisi. Ila kodi, ada za bandari na bakshishi karibu kila kichwa kinalipa, na bakshishi kwa makampuni makubwa ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo ile tofauti inapungua kuliko unavyoitegemea. Pigia hesabu vyumba viwili vya ndani vilivyo jirani au vinavyotazamana, halafu linganisha na kimoja chenye kibaraza cha kuonea bahari. Mara nyingi vinakaribiana, na mimi kati ya hivyo viwili sihitaji hata kufikiria, nachukua viwili vya ndani. Bahari utaiona sitaha ya juu bure muda wote, choo cha pili huwezi kukipata popote.

Mkishapata viwili, gaweni kwa haya wala si kwa ndoa. Wanawake na watoto wadogo chumba kimoja, baba na kijana wake chumba kingine, hapo mama yuko huru, wifi yuko huru, na wewe unaweza kukaa na kanga moja bila wasiwasi. Najua wengine wataona vibaya mke na mume kutengana safarini, lakini ni siku chache na mama hatakuwa na wewe kila mwaka. Kitu cha kuangalia ni kwamba makampuni mengi yanataka kila chumba kiandikishwe mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, sasa wakati wa kukata andikisheni baba huku na mama kule, mkifika ndani mlale mnavyotaka, na kaunta ya wageni mkiwaomba wanaweza kuwapa funguo za ziada za chumba cha pili. Ila kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura kinafuata chumba mlichoandikishwa, kwa hiyo kila mtu akijue cha kwake, na watoto waonyeshwe kwa miguu, msiwaambie kwa mdomo tu.

Hapo hapo kuna suala la kuongeza mtoto awe mtu wa tano kwenye chumba cha watu wanne. Watu wanasema kachanga haka kanalala na mama yake, katazidisha nini? Haikubaliki, na si uchoyo. Kila chumba kina idadi yake, na meli ina nafasi zake kwenye boti za kuokolea kwa kila eneo, mtoto mchanga naye ni mtu kamili kwenye hesabu hiyo. Tena kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, na safari ndefu za kuvuka bahari kubwa ni miezi 12. Vyumba vya watu wanne navyo ni vichache na vinaisha mapema, hasa kipindi cha shule kufungwa, kwa hiyo familia kubwa haisubiri ofa za dakika za mwisho.

Vitanda. Viwili vya chini vinaweza kuunganishwa au kutenganishwa, mwambie mhudumu wa chumba mkifika tu kwamba mnataka vitenganishwe, atafanya wakati nyie mnakula. Vya tatu na nne ni kochi linalofunguka au vitanda vya juu vinavyoshuka kutoka darini na ngazi yake. Mzee asipewe cha juu hata kama anasema anaweza, anaamka usiku kwenda chooni na meli inacheza. Wala mtoto mdogo, wengi wanashauri asiwe chini ya miaka 6. Na mzee apewe kitanda cha karibu na mlango wa bafu hata kama kijana wako alikuwa wa kwanza kurusha begi pale. Mwombeni pia mhudumu avipandishe vitanda vya juu asubuhi na kuvishusha jioni, maana vikibaki vimeshuka mchana kutwa mtu mzima hana pa kukaa bila kuinamisha kichwa.

Kwa mzee pia chagua chumba katikati ya meli na sitaha za chini, hapo mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu kabisa. Msimu wa vimbunga upande huu ni kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, haimaanishi msisafiri, ila meli inaweza kubadili njia na bahari ikachafuka, na mtu mmoja akitapika kwenye chumba kisicho na dirisha basi wote mmetapika. Tangawizi, dawa ya kichefuchefu aliyoshauriwa na daktari wake hasa kama anatumia za presha, na mifuko ya plastiki karibu na mto.

Sasa ratiba ya bafu, hii ndiyo inayookoa undugu. Bafu la kabini ni dogo mno, ukinyoosha viwiko umegonga ukuta, na asubuhi ya kushuka bandarini kila mtu anataka kuingia saa moja. Sisi mama anaanza alfajiri kwa sababu ameamka kuswali, anatia udhu, anamaliza na kuoga kabisa, halafu wifi, halafu mimi, watoto tunawaogesha usiku wakitoka kuogelea. Wanaume waende kuoga kwenye mabafu ya gym, meli nyingi zinayo, makubwa kuliko ya kabini na watu wachache wanayakumbuka. Vyoo vya watu wote vipo karibu na ngazi na kumbi, mfundishe kila mtoto cha karibu kiko wapi. Na jamani chukueni kopo lenu la kustanjia, la plastiki jepesi, huko hakuna mpira wa maji chooni. Choo chenyewe kinavuta kwa hewa kwenye mabomba membamba, tishu zenye unyevu na pedi zisitupwe humo kabisa, mkiziba mnaziba na majirani.

Swala za mama zilinifundisha mengi. Alamu ya alfajiri iwe ya mtetemo chini ya mto, si adhana ya sauti, kwa sababu jirani yupo nyuma ya ukuta mwembamba na watoto wamelala futi mbili kutoka hapo. Kibla cha dira ya simu ndani ya meli usikitegemee maana mmezungukwa na chuma, washa TV, kuna chaneli inaonyesha ramani na meli inaelekea wapi, kwa Ghuba ya Mexico kibla kiko kaskazini mashariki, mnapima hapo. Nafasi ya msala ni ile kati ya kitanda na kabati, kwa hiyo hapo hapawekwi begi wala viatu wakati wowote, tukapafanya ni sheria ya chumba. Mabegi matupu yote chini ya vitanda, ndiko mahali pake.

Kanga chukua nyingi kuliko unavyodhani. Kuta za kabini nyingi ni za chuma kwa hiyo ndoano za sumaku zinashika, ukipitisha kanga mbili kwenye ndoano una pazia la kuvalia nguo kwa dakika moja, na hili kwangu ndilo jambo zuri kuliko vifaa vyote vinavyouzwa kwa ajili ya kruzi. Msizibe tu kitoa hewa, taa wala kile kifaa cha kunusa moshi, na mkimaliza kuvaa mtoe.

Moto melini ni jambo zito, kwa hiyo mwambieni bibi mapema kwamba udi na chetezo vinabaki nyumbani, vitachukuliwa kwenye ukaguzi. Pamoja na pasi, birika la umeme, hita ya maji na ekstensheni, hasa zile za kuzuia umeme mkubwa. Hizo Walinzi wa Pwani wa Marekani walizitolea tahadhari 2013, kwa sababu umeme wa melini haukutandazwa kama wa nyumbani, nyaya zote mbili zina umeme, na kifaa kinachokata waya mmoja tu kinaweza kupata moto. Soketi ziko moja mbili pale mezani, basi chukueni kichwa kimoja cha chaja chenye matundu mengi ya USB kisicho na kinga hiyo na someni orodha ya kampuni yenu kwanza. Simu zote zinachajiwa mezani usiku, na mama mwenye mashine ya kupumulia au dawa ya kuwekwa kwenye baridi mwandikie kampuni wiki kadhaa kabla.

Chumba cha ndani kina giza ambalo hamjalizoea, saa nne asubuhi ni kama usiku wa manane, watoto wanalala mpaka kifungua kinywa kinaisha na bibi anaamka hajui yuko wapi. Taa ndogo ya betri bafuni inatosha, au acheni TV kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli bila sauti, kukipambazuka na chumba kinapambazuka. Mwenye kukoroma tunampenda, tunanunua vizibo vya masikio.

Na kila mtu apate saa yake ya kuwa peke yake humo ndani. Hili watu wanalipuuza halafu siku ya bahari tupu, ile ambayo meli haitii nanga popote, wanaanza kununiana kwa sababu ya taulo. Mama baada ya chakula cha mchana analala, wote tunatoka, watoto wanakwenda klabu yao. Jioni wifi anajipamba kwa nafasi yake. Mimi asubuhi, chai yangu naleta chumbani, nakaa kimya. Nguo mbichi za kuogelea zisirundikwe bafuni, kuna kamba ya kuvuta pale juu ya maji ya kuogea, zianikwe zamu kwa zamu maana chumba kikianza kunuka hakina dirisha la kufungua.

Mambo ya karatasi kwa kifupi, kama bibi yuko na viza ya kutembelea Marekani hakikisheni ni ya kuingia mara nyingi, maana mkitoka kwenda Mexico anarudi kama anayeingia upya, na wenye green card wabebe hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yao. Piga simu kwa kampuni uthibitishe kila bandari mtakayopita.

Siku ya kupanda mabegi makubwa yanachukuliwa bandarini na yanaweza kufika mlangoni jioni, kwa hiyo dawa za mama, pasipoti, nguo za kuogelea za watoto na kanga moja moja viwe begi la mgongoni. Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa koridoni kabla hamjalala, na ndani ya chumba kidogo vitu vimechanganyika, nguo za huyu ziko kwa yule, sasa kabla ya chakula cha jioni kila mtu atoe seti yake ya kesho, na viatu, aiweke juu ya kitanda chake, halafu mtu mmoja tu ndiye afunge mabegi yote, wengine watoke wakale.