Baba amekojoa damu mwaka mzima: tuanzie hospitali gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaandika kwa niaba ya baba yangu mwenye umri wa miaka 61, mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka jana amekuwa akikojoa damu; inakoma wiki mbili au tatu, kisha inarudi. Kwenye zahanati alipewa dawa za UTI mara nne, na safari ya tano akapewa dawa za kichocho. Mwezi uliopita alipigwa utrasaundi, ukaonekana uvimbe kwenye ukuta wa kibofu, na tukaambiwa bila maelezo mengi kwamba huenda ni saratani. Ndugu wamegawanyika. Baba mdogo anataka tuuze ng'ombe tumpeleke India. Shangazi anasema saratani ikiguswa na kisu husambaa, hivyo anywe mitishamba. Baba mwenyewe anasema kama ni kutolewa kibofu, bora afe nacho. Je, kuna tiba gani, na tumpeleke hospitali ipi?
Binti yake wa kwanza, Shinyanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Mmeshaanza kubishana kuhusu India, kisu na ng'ombe wakati hakuna mtu aliyekwisha kuuona uvimbe huo kwa macho wala kuupima, na hapo ndipo ninapotaka kuwarudisha. Utrasaundi huonyesha kwamba kuna kitu. Haiwezi kusema kitu hicho ni nini. Kabla ya kuchagua hospitali ya tiba mnahitaji kujua mambo mawili: kwanza, kama kweli ni saratani na ni ya aina gani, pili, kama imebaki kwenye utando wa ndani wa kibofu au imekwisha kuingia kwenye msuli wake. Tiba yote, kuanzia dawa za kuweka kibofuni hadi upasuaji mkubwa, hutegemea majibu hayo mawili.

Majibu hayo hupatikana kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, ambaye huingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na kutazama ndani ya kibofu. Akiuona uvimbe, mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongoni na uvimbe hukwanguliwa kupitia njia hiyo hiyo, bila tumbo kupasuliwa. Katika hospitali zetu nyingi, ndugu wa mgonjwa ndiye anayekabidhiwa kichupa chenye vinyama hivyo akipeleke maabara ya patholojia, yaani inayochunguza vinyama vya mwili kwa darubini, kwa hiyo nakuomba uwe makini sana hapo. Vinyama vinatakiwa vielee kwenye formalini ya kutosha, yaani dawa ya kuhifadhi vinyama visioze, si maji wala spiriti, kichupa kiandikwe jina kamili la baba, na kifike maabara pasipo kukaa siku tatu kwenye kabati la nyumbani. Nimeona wagonjwa wakirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu tu sampuli iliharibika njiani. Majibu yakitoka, angalia kama yametaja msuli. Ikiwa yameandikwa kwamba hakuna msuli ulioonekana kwenye sampuli, daktari anaweza kulazimika kukwangua tena baada ya wiki chache, na huko si kusumbuliwa bali ni utaratibu sahihi.

Kuhusu aina ya saratani, kazi ya baba yako inanipa sababu ya kuuliza. Mtu aliyelima majaruba maisha yake yote amesimama miaka mingi kwenye maji yenye konokono wanaobeba minyoo wa kichocho. Mayai ya minyoo hao hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchubua kwa miongo kadhaa, na mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliwaweka minyoo wa kichocho cha mkojo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani inayotokana na kichocho mara nyingi huanzia kwenye seli bapa, tofauti na ile ya utando wa kawaida wa kibofu ambayo kisababishi chake kikuu ni tumbaku. Vidonge vya kichocho alivyomeza vinaua minyoo, navyo vilikuwa na haki yake, lakini haviondoi uvimbe uliokwisha kuota. Damu kukoma kwa wiki mbili pia si kupona, kwa kuwa ndiyo tabia ya ugonjwa huu. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu, hata mara moja tu, anastahili kutazamwa kibofu, na inaniuma kwamba baba yako aliandikiwa dawa za UTI mara nne kabla ya mtu kulifikiria hilo.

Ikiwa ni saratani ya utando na haijaingia kwenye msuli, kibofu hubaki. Baada ya kukwanguliwa, wagonjwa wenye hatari ya uvimbe kurudi huwekewa dawa ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo. Mojawapo ni BCG, yaani bakteria wale wale wa chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu begani mwa watoto wetu. Huwekwa mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na mgonjwa huambiwa ajizuie kukojoa kwa kama saa 2 ili dawa ifanye kazi. Ulizeni mapema kama hospitali inayo dawa hiyo kwa matumizi ya kibofu, maana kozi iliyoanzwa ikakatika njiani huenda isimsaidie mgonjwa ipasavyo. Kamera hurudiwa baada ya miezi 3, kisha kwa ratiba inayoendelea kwa miaka, kwa kuwa saratani hii ina mazoea ya kurudi.

Ikiwa imeingia kwenye msuli, au ni ile ya seli bapa ambayo BCG haiisaidii, tiba kuu huwa ni kuondoa kibofu chote, na kwa mwanamume tezi dume huondolewa pamoja nacho. Kwa saratani ya utando, mgonjwa ambaye figo zake ni nzima huanza kwa dawa za saratani za mshipa zenye sisplatini kabla ya upasuaji, ndiyo maana kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na CT skani ya kifua na tumbo havikwepeki. Wapo wanaoweza kutibiwa bila kuondoa kibofu, kwa kukwangua uvimbe kadiri inavyowezekana, kisha mionzi na dawa kwa pamoja. Njia hii hufaa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, na mara chache wenye saratani ya seli bapa huwa miongoni mwao. Na iwapo ugonjwa umekwisha kusambaa, dawa za mshipa, mionzi michache ya kuzuia damu, na mofini ya maji kwa maumivu ni tiba halali ambayo mgonjwa ana haki ya kuidai, na asiambiwe kwamba hakuna la kufanya.

Shangazi mwelezeni kwa heshima kwamba anachokiona ni watu waliochelewa. Mgonjwa anafika kisuni ugonjwa ukiwa umetoka nje ya kibofu, anafariki baadaye, na kisu kinabebeshwa lawama ya miezi iliyopotea. Mitishamba nayo mingine huelemea figo, nazo figo ndizo zitakazoamua kama baba anaweza kupewa dawa.

Sasa hospitali. Kwa mtu wa Shinyanga, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, yenye idara ya upasuaji wa mfumo wa mkojo na idara ya saratani yenye mionzi, ili vipimo na tiba visitenganishwe na safari ndefu. Chukueni barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwani bila hiyo bima inaweza kukataa kulipa. Ikihitajika kwenda mbali zaidi, KCMC ya Moshi ina taasisi ya mfumo wa mkojo ambayo imefundisha mabingwa wa fani hiyo kwa miaka mingi, Muhimbili hufanya upasuaji mkubwa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo kituo cha taifa cha mionzi na dawa za saratani. Popote mtakapofika, muulizeni bingwa bila kuona haya: upasuaji wa kuondoa kibofu unafanyika hapa mara ngapi kwa mwaka, na nani atamhudumia baba akirudi nyumbani? Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Mkikwama kwa fedha, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza ng'ombe hata mmoja, na baba mdogo asubiri majibu ya patholojia ndipo azungumzie India. Ombeni pia vipande vya nta ambamo maabara hugandisha vinyama vya sampuli vihifadhiwe, ili bingwa mwingine aweze kuvisoma pasipo baba kukatwa tena.

Wakati mnasubiri miadi, akitoa mabonge ya damu na akashindwa kukojoa, mpelekeni hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Kama anavuta sigara, aache leo.

Na baba yako? Hofu yake ninaielewa, na wala asishurutishwe. Kibofu kikiondolewa, mara nyingi daktari hutumia kipande cha utumbo mwembamba kupitishia mkojo hadi kwenye tundu dogo jekundu upande wa kulia wa kitovu, na mfuko hubandikwa hapo chini ya shati, ukifunguliwa kwa koki ndogo unapojaa. Nguvu za kiume huathirika mara nyingi, na hilo aambiwe waziwazi kabla ya kusaini fomu, akiwa na mama yenu kama atapenda. Kisha ombeni kliniki iwakutanishe na mgonjwa wa rika lake aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huo, wakae wawili bila ninyi watoto, amwonyeshe mfuko wake, ndipo baba aamue.