Uliza Fundi Mitambo: "Niongezee mimi kidogo"

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa mitambo kanisani kwetu hapa Mbeya, mwaka huu tumetoka kwenye miksa ya zamani ya chaneli 16 tukapata ya dijitali, Behringer X32. Waumini wanasikia vizuri tu ila huko madhabahuni ni vita. Nikimpandisha kiongozi wa sifa ili watu wamsikie, monita yake (ile spika inayomwelekea ajisikie) inaanza kupiga mluzi, nikimshusha ananigeukia katikati ya pambio ananionyesha kidole juu. Monita tunazo 4. Mashine ni mbovu au ni mimi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mashine haina shida, na wewe pia huna shida sana, kuna kitu kimoja tu hakijageuzwa.

Hiyo X32 ina mabasi 16 ya kumiksia (sio ya Mwendokasi), na kila basi ni miksa ndogo ndani ya miksa kubwa. Monita zako 4 ziwe basi la 1 mpaka la 4, kila chaneli inachota sauti kidogo inaipeleka huko. Sasa swali ni inachotea wapi. Fikiria bomba la nyumba ya kupanga, ukijiunganishia maji kabla ya koki ya mwenye nyumba, yeye afunge afungue wewe unapata kilekile, ukijiunganishia baada ya koki basi maji yako yako mkononi mwake. Koki hapo ni feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Ya kwako nina uhakika karibu wote imekaa POST, yaani baada ya feda, ndo maana ukimpandisha kiongozi kwa ajili ya watu na monita yake inapanda naye.

Chagua chaneli, nenda ukurasa wa sends, pale penye mabasi ya monita badilisha POST iwe PRE, yaani kabla ya feda. Lakini kabla hujagusa, shusha kwanza feda kuu ya monita yenyewe, kwa sababu chaneli ambayo feda yake ilikuwa imekaa -10, ukiigeuza PRE itaruka dB 10 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) palepale na mtu kasimama mbele ya spika. Halafu mabasi ya efekti, ambayo kwa mpangilio wa kiwandani ni 13 hadi 16, yaache POST, maana ukimshusha mwimbaji unataka mwangwi wake nao ushuke, la sivyo anabaki mwangwi peke yake kama mtu yuko kisimani.

Ila PRE sio kinga ya kila kitu, na hapa ndo vijana wengi wanapoanguka. Inachota kabla ya feda lakini sio kabla ya geini, yaani nguvu anayopewa maiki pale anapoingia kwenye miksa. Ukigusa geini katikati ya ibada umemgusa kila mtu jukwaani kwa mpigo, monita zote 4. Na EQ ya chaneli (ya kupunguza au kuongeza besi na sauti nyembamba) na kompresa (inayobana sauti ikizidi) viko kabla ya hapo pia, kwa hiyo ukiona sauti ya mchungaji inapungua ukaenda kumuongezea geini ya kompresa, jua umeiongeza na kwenye monita. Geini malizana nayo kwenye saundicheki, mwambie mtu aimbe kama anavyoimbaga kweli, sio ile "heloo heloo wani tuu" ya kunong'ona, halafu ondoa mkono.

Na kuna kile kitufe cha Sends on Fader. Kitamu sana, unachagua basi la monita, unabonyeza, feda zote zinatembea zenyewe zinakuonyesha nani yuko kiasi gani kwenye monita ile. Mi mwenyewe kiliwahi kuniaibisha kwenye harusi moja, nilikiacha kinawaka, MC akaanza kuongea hasikiki, nikapandisha feda yake, hasikiki, nikapandisha tena mpaka juu kabisa, kumbe najaza monita ya mpiga kinanda. Yule bwana alinyanyuka kwenye kiti. Tangu siku hiyo kabla sijagusa feda yoyote jicho langu linapita kwanza kwenye kile kitufe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Mombasa, nafanyia kikundi cha taarab, fidla mbili, kinanda, besi, ngoma na mwimbaji. Kila mtu anataka aongezwe. Mwimbaji wetu ni mama mtu mzima, siwezi kumwambia hapana, namuongezea mpaka maiki inalia na bado asema hajisikii. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri kaka, pole. Hiyo ya "niongezee mimi" ukiifuata ilivyo huimalizi, maana ukimuongeza mama, wa fidla hajisikii, ukimuongeza wa fidla, kinanda kinalalamika, saa mbili baadaye jukwaa lina kelele kuliko ukumbi.

Nenda kwa mama kwa heshima umuulize, "Mama, ungependa kumsikia nani?" Usimuulize kama sauti inatosha, jibu lake unalijua. Mara nyingi anataka vitu viwili, sauti yake na kinanda cha kushikia ufunguo. Basi kwenye monita yake toa fidla zote, toa besi, toa ngoma kabisa, ngoma iko nyuma yake anaisikia bila umeme. Hujaongeza hata dB moja na atakwambia "hapo sasa". Nimeliona hili mara nyingi mpaka siku hizi naanza kwa kutoa.

Kisha angalia maiki na monita vimekaaje. Kama ni Shure SM58, masikio yake yamezibwa nyuma moja kwa moja, kwa hiyo monita ielekee mkia wa maiki. Kama ni Beta 58A, hiyo nyuma inasikia kidogo, sehemu yake kiziwi iko pembeni, kama digrii 120 hivi kila upande, ukimuwekea monita katikati unajitafutia mluzi. Na kama mama anakumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, mpangilio wote huo umekufa, mwombe ashike mpini. Maiki ambazo hazitumiki zifunge, kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza kama dB 3 za nafasi kabla ya kulia.

Mwisho EQ ya basi lenyewe. Pandisha monita polepole ukumbi ukiwa mtupu mpaka ianze kuvuma, angalia kwenye skrini ni masafa gani yananyanyuka, punguza hapo dB 3 kwa mkato mwembamba. Rudia mara mbili tatu uache. Nimeona watu wamechimba mashimo 12, sauti ya mwimbaji imebaki kama ya redio ya jirani.

SWALI: Vijana wa bendi yetu hapa Nakuru wanataka kila mmoja ajipangie monita yake kwa simu. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, kwa X32 kuna programu ya simu inaitwa X32-Q ni ya kazi hiyohiyo. Miksa yenyewe haina waifai, unachomeka ruta kwenye tundu lake la mtandao. Ruta iwe ya kazi hiyo tu, iweke kwenye 5 GHz, na paswedi isifike kwa mashabiki. Kubalianeni kila mtu abaki kwenye basi lake. Wewe nunua pia waya wa kuunganisha laptopu yako moja kwa moja kwenye ruta, maana ukumbi ukijaa simu 300 waifai inaweza kusuasua na wote watarudi kukuonyesha vidole juu.