Si kila anayekataa ni mkaidi

Mmeuliza wiki hii: mtu asiyekubali kabisa kulegeza kamba tumwite mkaidi au mwenye msimamo? Kwangu mkaidi ni yule anayekataa hata neno lake kupimwa. Hapa Busia, upande wa Uganda, jina hilo tunaligawa ovyo. Mama wa sokoni akigoma kushusha bei ya dagaa, tayari ni mkaidi, na kumbe ana hesabu yake kamili, muulize atakupa.

Ukaidi wenyewe niliuona kwenye kesi ya mpaka wa shamba, mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Jirani alikuja na kamba. "Mzee, shika mwisho huu tupime wote. Nikionekana nimevuka, nanyamaza." Mzee akaficha mikono nyuma. "Sishiki." Haya, aoneshe yeye mpaka ulipo. Hataki. Akaambiwa mihogo aliyokwisha kupanda ni yake mpaka avune. Hata hilo hakulitaka. Tulitawanyika bila mtu kujua anadai nini. Huyo ndiye wa ile methali, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, ni habari nyingine. Mwaka 1953 Buganda iliingiwa na hofu ya kutiwa kwenye shirikisho la Afrika Mashariki, na Kabaka akakataa kutoa ahadi za ushirikiano alizotakiwa na Andrew Cohen, Gavana wa Uingereza nchini Uganda. Tarehe 30 Novemba akasafirishwa kwenda uhamishoni Uingereza. Machoni pa Gavana alikuwa amekaidi, lakini madai yake yalijulikana na yalizungumzika. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyoshikilia kwamba harudi tena. Mwaka 1954 wawakilishi wa Buganda walikaa Namirembe, Kampala, na mwanahistoria Profesa Keith Hancock, pande zote zikalegeza, na Oktoba 1955 Kabaka akarudi, safari hii kama mfalme wa kikatiba. Ukaidi mtupu usingefika kwenye mazungumzo kama yale.

Ndiyo maana huniuma sana neno hili linapotumika kikaoni kumnyamazisha mjane anayedai shamba aliloachiwa na marehemu. Mashahidi anao, mipaka anaitaja, na kamba yuko tayari kuishika. Wanaomwita mkaidi mara nyingi ndio wasiotaka shamba lipimwe.