Je, kitabu kinaweza kumharibu mtu? Majibu kwa wasomaji

Mimi ni mzazi. Unasemaje kuhusu vitabu vinavyoharibu watoto?

Hofu yako ni ya kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka tungo za washairi zichujwe, na Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa kuanzia 1559 hadi 1966. Nyuma ya hatua hizo ipo imani kwamba maneno humwingia msomaji kama yalivyoandikwa, yakamgeuza. Sisemi vitabu havina nguvu. Vingekuwa havina, nisingehangaika kuvitetea. Ila msomaji naye huja na malezi yake, maswali yake na ubishi wake. Watu wawili husoma ukurasa uleule, mmoja akalia, mwenzake akapiga miayo. Na mtoto anayesoma habari za mtoto aliyedhulumiwa hafundishwi kudhulumu. Huenda ndipo anapopata kwa mara ya kwanza maneno ya kueleza yaliyompata yeye mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kila kitabu cha namna hiyo kinapoondolewa maktabani. Soma naye, mbishane.

Kwa hiyo sina haki ya kumkataza?

Unayo, kwa mwanao. Huna kwa watoto wa wenzako.

Mkutubi naye huchagua vitabu. Ana tofauti gani na mdhibiti, yule anayezuia vitabu visisomwe?

Swali zuri. Mwaka 1953 mwalimu wa ukutubi wa Marekani, Lester Asheim, alilijibu hivi: mchaguzi hutafuta sababu za kukiweka kitabu, mdhibiti hutafuta sababu za kukikataa. Mmoja hukitazama kitabu kizima, mwingine hukamata sentensi mbili tatu. Fedha na nafasi havitoshi, kwa hiyo kuchagua ni lazima. Lakini mkutubi anayekiacha kitabu kwa kuogopa kelele tu amedhibiti, hata kama hakuna aliyemwamuru.

Kitabu kimenichukiza. Nifanyeje?

Kisome hadi mwisho, kisha andika malalamiko yako. Kulalamika ni haki yako. Maktaba yenye utaratibu mzuri hukiacha kitabu rafuni mpaka uamuzi utoke.

Je, mkutubi anaweza kumwambia mtu mwingine ninachoazima?

Maadili ya kazi yake yanamkataza, hata anayeuliza akiwa mume wako au mke wako; labda sheria imlazimishe. Anayejua kwamba anachunguzwa haazimi kitabu cha ugonjwa anaouficha, wala cha talaka anayoifikiria.