Mkitaka kugoma, msimpe prodyuza mtu mmoja

Juzi vijana wa taa na sauti kwenye tamthilia moja walizima mitambo saa nne asubuhi. Saa sita walisharudi kazini, madai hayajaandikwa popote, na wawili wao wameambiwa wasionekane tena. Wadogo zangu, mpaka lini? Nawapenda, na nyie wawili msilale: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, ndani ya siku 30. Wengine someni haya.

1. Jueni mnachogombea. Pesa mliyokwisha kuahidiwa kwenye mkataba halafu haikulipwa ni lalamiko, mahali pake ni Tume. Mgomo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni wa mgogoro wa maslahi, yaani mnadai masharti mapya. Usuluhishi kwanza, siku 30 zikipita bila mwafaka, mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Mkataba ukikuita "mtoa huduma", usikate tamaa mapema: anayekupangia saa ya kufika na namna ya kufanya kazi amekupa hoja kwamba wewe ni mwajiriwa.

2. Pigeni kura na mhesabu. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani, WGA, kiligoma Mei 2023 kikiwa na ndiyo za asilimia 97.85. "Tupo pamoja" kumi na emoji za ngumi kwenye kundi la WhatsApp si kura, jamani!

3. Asiongee mtu peke yake. Hapa nitakaa kidogo, maana hili lilinishinda mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwongozaji msaidizi kwenye tamthilia ya kila siku. Wenzangu walituchagua watatu twende kwa uongozi na mambo mawili: saa za ziada zilipwe, na tamthilia ikiuzwa kituo kingine waigizaji wapate chochote. Tukakubaliana kiwango ambacho hatutashuka chini yake. Usiku wa kuamkia kikao prodyuza akanipigia. "Mdogo wangu, wewe ni mwelewa, wenzako wana jazba. Niambie tu mwisho wenu ni wapi, nikawaombee kwa wenye pesa."

Nikamwambia. Hakunipa hata senti. Alinipa heshima ya kuonekana mwelewa, nami niliona nafupisha safari. Nikaongeza kwamba lile la marudio, yaani tamthilia kuuzwa kituo kingine, linazungumzika.

Asubuhi alianza chini kabisa, akapanda kidogo kidogo, akafika kwenye kiwango chetu cha mwisho na kusimama hapo hapo. Tulimbana saa nzima, hakusogea hata shilingi. La marudio hakuligusa. Dada mpambaji, mmoja wa wale watatu, aliacha kuandika, akafunga daftari lake, akanitazama. Alishajua. Tulipotoka aliniuliza swali moja tu, "Alikupigia saa ngapi?"

Tamthilia ile bado inarushwa. Naikuta saluni, naikuta kwenye mabasi ya mkoani, na waliocheza humo hawapati hata nauli. Wengine tunasalimiana vizuri tu. Dada yule hajafanya kazi nami tena, na ana haki.

Sasa waangalieni wale wa Marekani. Tarehe 22 Agosti 2023 wakuu wa studio waliwaita wajumbe wa WGA mezani, na usiku huo huo muungano wa studio, AMPTP, ukaitangaza ofa yake hadharani ili wanachama waishinikize kamati yao. Ni simu ile ile, safari hii imepigwa kwa watu 11,500 kwa mpigo. Hawakuyumba. Makubaliano yalipatikana Septemba 24, na mgomo ukaisha baada ya siku 148. Walipata idadi ya chini ya waandishi kwenye tamthilia, bonasi kwa kazi ikitazamwa na asilimia 20 ya wateja wa ndani ya nchi wa mtandao wa video husika katika siku 90 za mwanzo, na kipengele kwamba akili mnemba haihesabiwi kuwa mwandishi.

Kwa hiyo simu ikilia usiku, jibu ni "tutaonana kesho na wenzangu", kisha unaiandika kwenye kundi la kamati kabla hujalala.

4. Changeni mfuko kabla ya mgomo, kodi ya nyumba haisubiri.

5. Anzeni na madereva na mama wa chakula. Kule Los Angeles madereva wa chama cha Teamsters walikataa kuvuka mstari wa waandishi waliogoma getini, na kazi zikasimama hata pale skripti zilipokuwa tayari. Kwenye seti zetu mama wa chakula anajua nani hajalipwa tangu lini kuliko mhasibu, kwa sababu ndiye anayewakopesha. Nendeni mkamsalimie, mlipe deni la chapati, kisha mumuulize anaonaje.