Nani kasema ule ni utamaduni?

Mmeuliza wiki hii: kampuni yenye matawi nchi nyingi iwasimamie wafanyakazi kwa utaratibu mmoja, au ifuate utamaduni wa kila nchi? Mimi linanikera swali la jirani yake: nani huamua kwamba jambo fulani ni utamaduni?

Nimefanya kazi idara ya rasilimali watu. Makao makuu, yaliyo nchi nyingine, yalituletea fomu ya kumtathmini mkuu wa idara: walio chini yake wampe alama, moja hadi tano. Fomu zikarudi na alama tano tupu. Kwenye maoni, "hakuna" na "tunashukuru". Mtaalamu aliyeletwa kutuelekeza akahitimisha kuwa hawa wanawaogopa wakubwa kwa asili, akamtaja na Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, akilinganisha tamaduni za mataifa. Fomu yenyewe hakuiangalia. Juu kulia palikuwa na nafasi ya namba ya mfanyakazi, na aliyezikusanya ni katibu muhtasi wa mkuu huyohuyo. Nani angethubutu kuandika mbili? Mwaka uliofuata tuliondoa namba, tukaweka sanduku lenye kufuli. Mbili zikaja, moja zikaja, maoni yakajaa hadi nyuma ya karatasi: zamu zinapangwa kwa upendeleo, likizo inaombwa kama fadhila.

Ndiyo maana nilishika kalamu niseme utamaduni ni kisingizio tu. Wajerumani tunaambiwa wamezoea kushauriana kazini. Lakini sheria yao ya 1976 ndiyo inayowapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ile inayowasimamia wakurugenzi, kampuni ikizidi watu 2,000.

Ila kuna la kikao. Matokeo yaliposomwa mbele ya wote, hakuna aliyenyosha mkono. Fundi mmoja mtu mzima aliniambia baadaye, "Mwanangu, kuandika nimeandika. Kumsema mkubwa mbele ya vijana, hapana." Huyo alikuwa anakaribia kustaafu, hakuwa na cha kupoteza. Ni malezi yake, na sanduku la kufuli haliyagusi.

Basi nasema hivi: usiri, mkataba wa maandishi na likizo viwe sawa kila tawi. Namna ya kusemana ifuate wenyeji, mradi wenyeji wenyewe ndio waseme, si mkuu kwa niaba yao. Na waulizwe vijana pia, maana yule fundi hakuwa akiwasemea wao.